Kizingiti cha Bi. Zuhura: Kutoka Shimanzi hadi Mahakamani

Nimerudi Kitale na viungo vyangu vyote, ingawa bega la kulia bado halijakubali kwamba safari imekwisha. Tangu nirudi watu wanakuja kibandani kwangu na cherehani zisizo na kasoro yoyote, wananiomba "nizitazame tu", kisha wanavuta kigoda na kuuliza, "Enhe, Twaha, Mombasa kulikuwaje?" Nimesimulia mpaka cherehani mbovu zenyewe zimerundikana. Basi naandika. Atakayekuja tena atapewa karatasi hizi akazisome kwao.

Kitale hadi Mombasa

Mambo ya tiketi mnayajua, siyarudii. Lililonitoa hapa ni simu ya Bi. Zuhura, mjane wa maalimu wangu, mama aliyenilea mimi baada ya mama yangu mzazi kufariki. Bi. Zuhura si mtu wa maneno mengi kwenye simu. Alisema, "Twaha mwanangu, kuna watu wataka kunitoa nyumbani. Kesi ni Alkhamisi, saa nane. Ndoo." Ndoo, yaani njoo, kwa lahaja yetu. Akakata.

Ndani ya basi nilikaliwa ubavuni na bwana mmoja mwenye elimu kubwa juu ya watu wa Pwani, aliyoipata kwa kufika Mombasa mara mbili. Alinifundisha kwamba sisi wa Pwani ni watu wazuri lakini hatuna haraka na maisha. Alinifundisha hayo Mtito Andei, basi likiwa limeinamishwa ubavu, dereva akiwa amelala chini yake na ameshatuahidi "dakika tano". Dakika tano hizo zilichukua saa nne. Yule bwana alizitumia kula mayai yangu ya kuchemsha, moja baada ya jingine, akinionea huruma kwa uvivu wa kabila langu.

Kwa hiyo badala ya kufika Jumatano usiku nikapumzika, nilifika asubuhi ya siku yenyewe ya kesi, miguu imevimba, bila yai hata moja.

Mji wa Kale, kabla ya saa nne

Nyumba ya Bi. Zuhura iko kwenye kichochoro ambacho wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu. Nilipofika mlangoni niliinua macho kwa mazoea. Pale juu, palipokuwa na kizingiti kilichochongwa, palikuwa na shimo refu lililojazwa vipande vya matofali. Mlango ulionekana kama uso ulionyolewa nyusi.

"Ndoo, mwanangu, ndoo ndani," Bi. Zuhura aliniita. "Wajionaje? Watoto hawajambo? Mkeo? Na mamake mkeo? Na shingo lake lile?"

Nilijibia afya za watu wote wa Kitale, nikaandaliwa mahamri na mbaazi za nazi. Nilipokwisha kunawa mikono ndipo nikamwona aliyekaa upande wa pili wa mkeka. Athmani.

Athmani na mimi tulikua pamoja katika nyumba ile, tukasoma juzuu pamoja, tukachapwa pamoja. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka kumi na minane. Kosa lilikuwa langu, ingawa nilichelewa sana kulikubali. Siku ya harusi yake mimi ndiye niliyekuwa mpambe wake, na asubuhi ile ile nilipata habari ya kazi bara, nikapanda gari bila kumuaga. Bwana harusi alikwenda msikitini na kanzu yake na joho lake, na ubavuni mwake hana mtu. Watu walidhani mpambe kafa. Walipojua ni mzima, wakacheka zaidi.

"Mama," Athmani alisema akitazama ukuta, "mwambie huyo bwana sahani ya mbaazi iko mbele yake."

"Mama," nikasema, "mwambie bwana huyo mimi si kipofu."

"Mna miaka arubaini na kitu kila mmoja," Bi. Zuhura alisema, "na mimi mumenigeuza posta. Kuleni, kisha munisikize."

Habari yenyewe ni hii. Nyumba ile ni wakfu. Bibi mmoja wa zamani aliiweka ili wanawake wasio na makao waishi humo na watoto wasomeshwe humo, na akaamrisha maneno hayo yachongwe juu ya mlango: haiuzwi, hairithiwi. Karatasi zililiwa na mchwa kitambo. Kilichobaki ni kizingiti. Sasa tajiri mmoja, nitamwita Mheshimiwa kwa sababu mwenyewe anapenda, alitokea na hati inayosema ameinunua kwa warithi, warithi ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona. Bi. Zuhura akamwambia hakimu: imeandikwa juu ya mlango. Hakimu akasema: nionyesheni. Kabla ya siku ya kuonyesha, Bi. Zuhura akaenda matangani Malindi, na aliporudi kizingiti hakikuwepo. Picha pekee ya mlango iliyopatikana ilikuwa ya harusi, bibi harusi amejaa mbele na nyuma yake herufi tatu.

"Athmani asema amesikia kilipo," Bi. Zuhura alisema. "Shimanzi, ndani ya godauni la huyo tajiri. Kesho chapakiwa merikebuni. Ni kizito, hakibebwi na mtu mmoja. Na mimi sina wanaume wengine." Akatutazama kwa zamu, kama anayechagua samaki na wote wawili wamekwisha lala. "Saa nane nisipokuwa na kizingiti, jioni natolewa vyombo nje."

Shimanzi

Kuingia ndani ya godauni kulikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Athmani ni seremala. Alikuwa na ngazi begani, mkoba wa zana mkononi, na alikuwa ameagizwa kuja kutengeneza kasha la kupakilia. Mlinzi alimjua.

"Na huyu?"

"Msaidizi wangu. Akili hana, lakini ana mabega."

Hayo ndiyo maneno ya pili aliyosema kunihusu tangu harusi yake, na hata hayo aliambiwa mlinzi.

Godauni lilikuwa kubwa, giza, limejaa vitu vilivyong'olewa kwenye nyumba za watu: madirisha, nguzo, milango mizima imesimamishwa kwa safu ikingoja safari. Nilitarajia tungetafuta. Athmani hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja mpaka kona ya mbali, akaondoa gunia la tatu, akafunua mkeka. Kizingiti kilikuwa hapo, kirefu kama mtu, herufi zake zimejaa vumbi. Alipapasa pembeni bila kutazama, kidole chake kikaingia kwenye tundu la msumari kama mkono wa mtu unaojua mfuko wake.

"Umejuaje kona?" nikamuuliza.

Akaanza kukunja mkeka.

"Athmani, umejuaje gunia?"

Alikaa juu ya mkoba wake wa zana. "Ni mimi niliyekitoa."

Magari makubwa yalikuwa yakinguruma nje, nikatamani yangenguruma zaidi nisisikie.

"Watu wa Mheshimiwa waliniambia mama amekubali kitengenezwe, kina mchwa," alisema. "Nikakigonga, nikasikia kizima kabisa. Hakuna mchwa. Nikajua. Nikajifanya sijui. Nilikuwa na shida ya pesa, Twaha."

"Nani hana shida?"

"Basi nenda kamwambie! Wewe si bingwa wa kwenda?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulinitupa siku ya harusi yangu!"

"Na wewe umemng'olea mama paa la heshima yake!"

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana," nikasema. "Mimi nilikosea mtu mmoja, tena mwenye kichwa kigumu."

Sijui tungefika wapi. Kwa bahati nzuri walikuja watu wa kutuua. Mlinzi, ambaye hakuwa mjinga kama alivyoonekana, alikuwa amepiga simu kuulizia huyo msaidizi mwenye mabega, na gari la Mheshimiwa likasimama mlangoni likatoa mapande mawili ya watu. Mmoja alivaa miwani myeusi ndani ya godauni lenye giza, jambo lililompunguzia manufaa. Wa pili alikuwa kifua kitupu kilichopandikizwa kichwa kidogo. Nitawaita Miwani na Kifua.

Tulilaza ngazi chini, tukaviringisha kizingiti juu yake, tukafunga kamba, mmoja mbele mmoja nyuma, tukatoka mlango wa nyuma tukikimbia. Wale mnaonijua na tumbo langu, furahini. Nilikimbia katikati ya malori, ngazi inaniumiza bega, nyuma Miwani akijigonga kwenye makontena na kuyatukana. Lori moja lilikuwa likitoka taratibu, limefunguliwa nyuma. Tukasukuma ngazi ndani, tukajitupa. Kifua alishika kiatu changu. Kiatu kile sasa ni mali yake.

Makupa

Dereva, Wafula, mtu wa Bungoma, aligundua kwenye kioo kwamba ana abiria. Alisimama mbele kidogo, akashuka na spana.

Nikamweleza haraka: mama, wakfu, mahakama, saa nane, mjini, tafadhali.

"Ah, mahakama! Pandeni mbele," akasema. Alikuwa mtu mwema kabisa. Alitupa njugu karanga, akatupa pole, akatusimulia kesi ya shamba la babake tangu mwanzo, na sote tulikuwa tumezama katika mpaka wa shamba la Bungoma wakati Athmani alipoinua kichwa na kuuliza kwa nini tunaona maji.

Wafula alikuwa na maana ya mahakama ya ng'ambo, alikokuwa akipeleka mzigo. Mjini yeye haendi, marufuku kwa lori lake mchana. Akatushusha Makupa, mwisho wa kisiwa, kisogo chetu kikiwa kwa tulikotaka kwenda, akatuombea dua ndefu kwa jina la Yesu, na nasema ukweli, nilisema amina.

Saa sita na nusu. Tuktuk tatu zilitazama ngazi, zikaenda zao. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kwa sababu hata mtu anayesakwa hula, tukaila tumesimama. Athmani alinisogezea vipande vikubwa bila kunitazama. Nikavila bila kushukuru.

"Watakijua," alisema. "Herufi zaonekana kutoka mbali. Tukifunike."

Pale pembeni mama mmoja aliuza vitambaa. Kilichotosha urefu kilikuwa cha kijani. Tukakifunika kizingiti vizuri, tukakipindia ncha, tukainua ngazi mabegani, tukaanza kwenda kwa miguu. Sasa zingatieni. Sisi wawili tumezaliwa Mombasa. Tumekulia nyumba ya maalimu. Na katika vichwa viwili hakikupatikana kimoja cha kukumbuka ni kitu gani, mjini kwetu, hupita njiani mabegani mwa watu, kirefu kiasi hicho, kimefunikwa kijani.

Tononoka

Tulipita mbele ya msikiti wakati watu wakitoka kuswali adhuhuri. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alituona kwanza. Akasimama, uso ukambadilika.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wawili tu? Jeneza labebwa na watu wawili katika mji wa Waislamu?" Akageuka nyuma akapaza sauti. "Jamani! Hawa hawana watu!"

Kwa mliozaliwa huku bara niwaeleze. Kwetu jeneza likipita huulizi ni la nani. Unatia bega, unakwenda hatua chache, unampisha mwenzako, naye anampisha mwingine, kila mtu apate thawabu yake. Na maiti hacheleweshwi, kwa hiyo huenda mbio. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimepokewa. Aliyenipokea naye akapokewa. Kufumba na kufumbua ngazi ilikuwa mbele sana, juu ya mabega ya watu thelathini, arubaini, na sisi tuko nyuma kabisa kama wapita njia, tumeshikwa mikono na kupewa pole.

"Mungu awape subira," kijana wa duka aliniambia. "Alikuwa mtu mzima?"

"Ana zaidi ya miaka mia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Mashallah!"

Athmani alinivuta kanzu. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limesimama kando, na Miwani na Kifua walikuwa wameshuka. Walikuwa wameiona ngazi. Walijua kilichomo. Miwani alitangulia kuwapasua watu, akaambulia viwiko vya mbavu na maneno ya "una adabu wewe?" Lakini Kifua, jamani, Kifua! Alipofika ubavuni mwa jeneza, mzee wa kofia ya viua alimtazama akamwambia, "Wewe una mwili, mbona watazama? Ingia!" Na Kifua, aliyekuwa amelelewa na mama yake kama sisi sote, akavua kofia na kuingia. Alipokwisha tia bega, kwa urefu wake, hakuna aliyekubali kumpokea.

Ningecheka, lakini mzee alikuwa akielekeza msafara urudi msikitini. "Kwanza tumswalie, kisha twende makaburini."

Mpaka hapo ilikuwa vurugu. Kusimamisha safu za watu wakaswalie kipande cha mti, hiyo ingekuwa dhambi ya kwenda nayo kaburini kwangu. Nikamtazama Athmani, naye alikwisha kupanda juu ya kijiwe.

"Simameni!" alipiga kelele. "Hakuna maiti! Wallahi hakuna maiti. Ni kizingiti."

Mzee alifunua kitambaa kwa ncha ya bakora yake.

"Mumetubebesha mti?"

"Hatukuwaambia mubebe, mzee wangu," nikasema. "Mulitupokonya." Haikusaidia.

Athmani akaeleza, mbio mbio, nyumba, wakfu, mama, saa nane. Watu walikuwa wameanza kutusogelea kwa nia isiyo ya thawabu. Mzee akainua mkono, akainama, akafuta vumbi kwa kitambaa kile kile cha kijani, akasoma herufi polepole mpaka mwisho. Kisha akazisoma tena kwa sauti, kwa Kiswahili, kila mtu asikie: nyumba hii ni wakfu, haiuzwi, hairithiwi, na atakayeibadilisha, Mwenyezi Mungu ndiye hasimu wake. Akanyoosha mgongo, akamtafuta Miwani kwa macho.

"Wewe ulikuwa watafuta nini?"

Miwani alikuwa akitafuta gari.

"Nyinyi wawili," mzee alituambia, "mumetufanya wajinga, na mimi sijawasamehe. Lakini mabega yamekwisha tiwa. Mahakama ni ndia hii?"

Mahakamani

Askari wa lango waliona jeneza, maana kitambaa kilikuwa kimerudishwa, wakasimama wima na kuvua kofia. Hakuna aliyepekuliwa. Tuliingia kwa kishindo saa nane na dakika kumi, wakili wa Mheshimiwa akiwa katikati ya kusema kwamba kizingiti hicho ni hadithi za bibi kizee. Kifua ndiye aliyekiweka mezani, jasho linamtiririka. Bosi wake alimtazama. Yeye alitazama dari.

Bi. Zuhura alifunika uso kwa buibui lake. Nilijisikia shujaa kwa muda wa kama dakika mbili.

Wakili alikuwa mwerevu. Alikisogelea, akakizunguka, akasema kwa upole: maneno mazuri sana haya, lakini kizingiti hiki kimetoka mlango gani? Mji umejaa milango. Nani alikiona kikitolewa kwenye nyumba hii?

Hakimu alitutazama. Bi. Zuhura alinitazama mimi, na mimi sikuwa nimeona kitu, nilikuwa Kitale nikitia mafuta cherehani. Mtu mmoja tu chumbani mle alijua jibu. Ningeweza kumsitiri Athmani kwa kusema uongo. Nakiri nilifungua mdomo.

Athmani alinitangulia. "Mimi nilikiona," alisema. "Nilikitoa mwenyewe kwa mikono hii. Misumari saba, mmoja ulikatika ndani ya ukuta. Nendeni mukatazame, umo." Akamwambia hakimu kwamba Mheshimiwa ndiye aliyemtuma. Alisema yote amemgeuzia uso hakimu. Upande aliokaa Bi. Zuhura hakuutazama hata mara moja.

Watu wa mahakama walikwenda wakatazama. Msumari ulikuwemo. Hakimu akaamuru nyumba isiguswe na mtu mpaka kesi iishe, na Mheshimiwa na hati yake wakaulizwe maswali na polisi. Athmani naye akaandikishwa maelezo, akaambiwa asitoke Mombasa. Watu wa Tononoka walipiga takbiri ukumbini, wakafukuzwa.

Nje, Bi. Zuhura alimkaribia Athmani. Nilidhani atamzaba kofi, au atamkumbatia. Ningependa moja kati ya hayo.

"Wewe uliyekitoa," alimwambia, "wewe ndiye utakayekirudisha." Akaenda zake.

Mji wa Kale, mara ya mwisho

Kesho yake, kwa idhini ya hakimu, tulikirudisha. Mimi nilishika ngazi, Athmani alipigilia. Bi. Zuhura alisimama chini akisema kimepinda kushoto, kimepinda kulia, mpaka kikakaa. Akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia niingie nikale kabla ya gari, akaingia, na mimi nikaingia, na nyuma yangu akafunga mlango, Athmani akiwa bado kwenye ngazi.

Nilisogeza kando sahani ya wali. Nikamwambia, "Mama, amesema ukweli mbele ya watu." Akanijibu, "Nimesikia. Kula." Nilipotoka na mkoba wangu, Athmani alikuwa amekaa kwenye baraza, zana zimepangwa.

"Sasa wafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Nangoja."

"Mpaka lini?"

"Wewe nenda," alisema. "Safari hii umeaga."

Basi ndiyo hiyo. Mnaoniuliza kama tulishinda, mimi sijui niwajibu nini. Nyumba ipo, mama yumo ndani. Na mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hakunisemeza, sasa ananipigia simu kila siku baada ya alasiri, kutoka kwenye baraza ile, na maneno yake ni yale yale: amefagia kichochoro, amemwamkia mama kupitia dirishani, mama ameitika, mlango hakufungua. Hatuongezi neno. Nashukuru, kwa sababu ningeongeza ningelia mbele ya wateja.

Jana hakupiga. Nilingoja mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikapiga mimi. Ikaita, ikaita. Mwishowe akapokea kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtoto aliye mbele ya wakubwa, na nyuma yake nikasikia sahani zikiwekwa.

"Twaha, nitakupigia baadaye," alisema. "Niko ndani."